Kaunta buku ya kwaya mbili: daftari langu la kutafakari kazi ya tiba ya usemi

Naandika haya kwa wenzangu wa tiba ya usemi na lugha, hasa mlio peke yenu kituoni, maana wengi mmeniuliza natumia nini kuandikia tafakuri za kazi. Natumia kaunta buku. Ile ile ya jalada gumu wanayonunua wanafunzi wa sekondari, kwaya mbili (kwaya ni kipimo cha unene wa daftari), kurasa 192, ukubwa wa A4. Nimeinunua shilingi 4,000 steshenari ya karibu na kituo cha daladala, na sina kifaa kingine kazini kinachonipa faida kama hiki.

Tanzania bado tuko wachache mno katika fani hii. Uingereza, mtaalamu ana msimamizi wa kukaa naye na kuzungumzia wagonjwa wake, na HCPC, chombo kinachowasajili, kinamtaka kila mmoja aweke kumbukumbu za namna anavyojiendeleza kikazi. Mimi nikifunga mlango wa kliniki jioni, walioona nilichofanya ni mtoto, mama yake na mimi. Kesho asubuhi benchi la nje limejaa tena. Nisipoandika jioni ileile, niliyoyaona yanafutwa na ya kesho.

Ubora wa kwanza wa daftari hili ni ule mstari mwekundu wa pembeni. Mwaka 1983 Donald Schön, mwanafalsafa aliyechunguza namna wataalamu wanavyojifunza kazini, alitofautisha kufikiri ukiwa katikati ya kazi na kufikiri baada ya kazi kwisha, na kaunta buku imeshakugawia nafasi hizo mbili bila kuchora chochote. Pambizoni naandika mgonjwa akiwa mbele yangu: neno moja, mshale, alama ya kuuliza. Upande mpana unasubiri jioni. Hapo ndipo najiuliza maswali matatu waliyoyaeneza Rolfe, msomi wa uuguzi, na wenzake mwaka 2001: nini kimetokea, kina maana gani, sasa nifanye nini. Ile duara ya kutafakari ya Gibbs ya 1988, yenye hatua sita, naiweka kwa kesi ngumu. Ni nzuri, ila ukishahudumia wagonjwa tangu asubuhi huwezi kuipitia kila siku bila kuanza kujaza ilimradi.

Niwaonyeshe inavyofanya kazi. Kuna mtoto alikuwa anaweka “t” mahali pa “k”. Kisu kwake ni “tisu”, kikombe ni “tikombe”. Pambizoni nilikuwa naandika kila neno analolitoa, sahihi au la. Jioni moja nikafungua kurasa kadhaa za nyuma kwa pamoja, na jambo likajitokeza lenyewe: kila “k” iliyotoka sawa ilifuatwa na “u” au “o”. Kuku, kuni, koti. Zilizoharibika karibu zote zilifuatwa na “i” au “e”. Kitaalamu inaeleweka, maana kwa “u” na “o” ulimi umeshavutwa nyuma, karibu na “k” inapotamkiwa. Lakini kulijua hilo darasani ni kitu kimoja, na kuliona kwa mtoto huyu ni kingine. Nikapanga upya kadi zangu za picha: tukaanza na kuku na koti, tukaja kaa na kaka, kisu kikasubiri zamu yake.

Kesi ya pili ndiyo inayonifanya nilipende daftari hili kwa dhati. Mzee mmoja alipata kiharusi kikamwachia afasia, anaelewa mengi ila maneno hayamtoki. Mkewe aliniambia siku ya kwanza, “Daktari, huyu haongei kabisa.” Nikimwonyesha picha, kimya. Lakini pambizo lilikuwa na neno lililojirudia ukurasa baada ya ukurasa: marahaba. Tunajua kwamba salamu, kuhesabu na dua mara nyingi hubaki hata mtu anaposhindwa kujitungia sentensi. Daftari liliniongezea kitu ambacho vitabu visingeweza kunipa: marahaba ile ilitoka wazi zaidi alipokuja na mjukuu wake, binti wa darasa la nne. Nikimwamkia mimi, ilitoka nusu. Swali la tatu, sasa nifanye nini, likajijibu. Mjukuu akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasogea pembeni. Kutoka “marahaba” tukaenda “marahaba, hujambo?”, na sasa anamuuliza binti yule, “Umekula?” Bibi alilia aliposikia. Kwangu hiyo ndiyo thamani ya kutafakari kazi: mgonjwa anapata tiba inayomfaa yeye.

Kasoro zipo. Karatasi ni nyepesi, kalamu ya wino mzito inapenya upande wa pili, kwa hiyo tumieni bolpeni ya kawaida. Kurasa hazina namba, inabidi uziandike mwenyewe siku ya kwanza, na fanyeni hivyo, la sivyo kurudi nyuma kunakuwa kazi. Mgongo unaanza kuachia ukishavuka katikati. Nimebandika selotepu ya kitambaa na umeshika vizuri.

La faragha msilipuuze. Humu usiandike jina la mgonjwa, namba ya faili wala mtaa anaokaa. Mimi natumia alama zangu, na daftari halitoki kliniki, linalala kwenye kabati lenye kufuli. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, huyu ni mtoto wa watu.

Nimejaribu pia programu za simu za kuandikia. Zinatafuta neno haraka, hilo nakubali. Ila mzazi akikuona umeshika simu wakati mwanawe anahangaika na neno, anajua unachati, na uhusiano unaharibika hapo hapo. Zile diary za mwisho wa mwaka zina nafasi finyu, siku yenye mengi haitoshi na ya Jumapili inabaki tupu.

Chukueni kwaya mbili. Kwaya tatu ni nzito kwa anayezunguka wodini, na ile ya kwaya moja inajaa kabla hujapata kurasa za kutosha kulinganisha mgonjwa wa leo na alivyokuwa miezi iliyopita.