Gari la supachaja lililotumika: lipi lichukuliwe, lipi liachwe

Supachaja ni pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini. Huzungushwa na mkanda wa injini, haisubiri moshi wa ekzosi kama tabo, pampu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Ukikanyaga, gari linaitika hapo hapo. Gharama yake iko kwenye petroli: hewa iliyoshindiliwa ina joto, na oktani, yaani uwezo wa petroli kuhimili joto na mgandamizo bila kujiwakia, ikiwa ndogo mafuta huwaka kabla ya wakati wake. Injini inagonga, mlio wa kokoto ndani ya kopo, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inapungua na ulaji unapanda. Kabla ya kuuliza bei, fungua kifuniko cha tangi usome namba ya oktani. Kama kituo unachojazia kila siku hakiuzi hiyo, tafuta gari jingine.

La kwanza ni Mercedes C200 Kompressor, toleo la W204. Injini ya 1.8 inamwaga petroli nje ya silinda, hivyo vali za kuingiza hewa hazigandi masizi. Lisikilize likiwashwa asubuhi, injini ya baridi: likikwaruza sekunde mbili tatu, cheni ya taimingi, inayopatanisha vali na pistoni, imelegea. Kisha chomoa plagi za umeme za sumaku za kemshafti (shafti zinazofungua vali), mbele ya injini. Ukiona oili ndani ya plagi, isipuuzwe. Hutambaa ndani ya waya hadi kwenye kompyuta, na hapo ndipo bei ya sumaku mbili inapogeuka bili ya kutisha.

La pili, MINI Cooper S, toleo la R53, la 2002 hadi 2006. Tamu kuliko yote kwenye kona. Lakini wotapampu yake inazungushwa na gia ya supachaja yenyewe, na supachaja ina oili yake ambayo mafundi wengi hawaigusi. Oili ikikauka gia zinaliwa, pampu inasimama, injini inachemka. Dai risiti ya kazi hiyo.

Audi S4, toleo la B8, ni ya tatu, kwa mwenye mfuko: V6 ya 3.0, nguvu za farasi 333, na vali zinazohitaji kusafishwa masizi.

Mwisho kabisa, Golf 6 ya 1.4 yenye supachaja na tabo pamoja, farasi 160. Bei yake inavutia, ila pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi, hasa ikigonga kwa mafuta hafifu. Pima kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda, kwenye silinda zote nne. Moja ikiwa chini sana ya nyingine, mrudishie muuzaji ufunguo.