Uwatu wa Kapsuli, Unga wa Mlonge na "Dawa ya Maji": Ipi Inafaa kwa Sukari na Lehemu?

Karibuni watazamaji wetu wa Mtwara, Lindi, Masasi na kwingineko. Mezani leo tuna vitu vitatu vinavyouzwa kama dawa ya sukari na lehemu (kolesteroli).

Tuanze na kopo la kapsuli za uwatu, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Geuza kopo, soma. Kapsuli moja ni miligramu 500 za unga wa mbegu, umeze mbili kwa siku. Hiyo ni gramu 1. Uwatu unafanya kazi hasa kwa ule ute unaouona mbegu zikilowekwa: unachelewesha sukari kuingia kwenye damu, tena unanasa nyongo na kutoka nayo chooni, hivyo ini linalazimika kutumia lehemu kutengeneza nyongo nyingine. Kwa kazi hiyo kiasi kinachotajwa sana ni gramu 10 kwa siku. Yaani kapsuli 20! Kopo la 60 linakwisha siku ya tatu.

Nunua punje sokoni. Vijiko viwili na nusu vya chai, loweka usiku kwenye glasi ya maji, asubuhi kula punje na ute wake wote. Ukichuja umetupa dawa. Wiki ya kwanza anza na kijiko kimoja, la sivyo tumbo litajaa gesi. Kwa kuwa ute huo unachelewesha na vidonge vingine pia, achia nafasi ya saa mbili. Mjamzito asitumie.

Na lebo ikisema dondoo 10:1, maana yake gramu 1 imekamuliwa kutoka gramu 10 za mmea. Kwa uwatu usishangilie: ute unaweza kuwa umebaki kwenye makapi.

Unga wa mlonge ni mboga nzuri, ila ushahidi wake kwenye sukari bado mdogo. Usiununue kwa bei ya dawa, mti wenyewe umejaa mitaani. Ukinunua, ukiona mabonge, acha. Unyevu wetu wa pwani huleta ukungu upesi.

Hii chupa ya "dawa ya maji" haina orodha ya viambato wala namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Hatuipendekezi kabisa. Dawa ya "asili" inayoshusha sukari kwa kasi ndani ya saa chache itilie shaka: zimewahi kukamatwa zilizochanganywa kimyakimya glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Mgonjwa anayemeza vidonge vyake vya sukari juu ya dawa hiyo anatoka jasho, anatetemeka, anazimia. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kama bado anaweza kumeza, upime tena baada ya dakika 15. Akishazimia usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Pima lehemu kabla ya kuanza, rudia baada ya wiki 6 hadi 12. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, baada ya miezi 3. Metformini (ya sukari) na statini (za lehemu) zinaendelea kumezwa mpaka daktari ayaone majibu hayo.