VPS ya saiti zangu ndogo: uzoefu wangu nikiwa Lubumbashi

Kila mara mtu ananiuliza "VPS gani iko muzuri?" (VPS njo seva ya kukodi, kipande cha kompyuta kubwa ya kampuni) anangojea nimpe jina moja tu tuachane, lakini ukiwa Lubumbashi jina siyo swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: makuta (pesa) itatoka namna gani kila mwezi, na ule mwezi wenye haitatoka watakufanya nini? RAM, diski, prosesa, ile yote inakuja nyuma. Niko na saiti tatu: blogu yangu, saiti ya picha na rekodi za kwaya ya parokia, na katalogi ya yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) mwenye anashonaka nguo za kitenge ku Kenya (komini Kenya, siyo inchi, wageni wanachanganyaka). Hakuna kitu kikubwa pale, zote tatu pamoja hazijazi hata GB 10.

Kwa nini VPS na siyo ile hosting ya kawaida ya kukaa wengi pamoja? Juu ya bei ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza wanakuandikia bei ya kuvuta macho, kisha faktire ya kurenyua inakuja mara mbili, mara tatu, na ukitaka kuhama unakuta bakapu yako iko kwa mfumo wao peke yao. VPS kwa kawaida unalipa mwezi kwa mwezi, bei ni ile ile, na Ubuntu (ile Linux yenye seva inatumia) ni Ubuntu popote unapoenda. Na wale wanauliza kwa nini nisiweke kompyuta nyumbani iwe seva: ndugu, SNEL, kampuni ya umeme, inakata kuran wakati inataka, na hata ukiwa na inverteri na betri, laini ya simu haikupe IP (adresi ya namba ku intaneti) ya kwako mwenyewe, uko nyuma ya IP moja na maelfu ya watu, mtu wa inje hawezi kukufikia. Basi hiyo tuifunge.

Sasa malipo, hapa njo kwenye kazi iko. Kampuni karibu zote za kigeni zinataka karti ya Visa ao Mastercard, zingine PayPal. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money hawazijue moja kwa moja. Kwa hiyo unapita kwa karti ya kulipia mbele, ya benki ao ile ya virtuali yenye unajaza kutoka kwa simu. Uzuri wetu ni kwamba sisi tunatumia dolari kila siku, haukose dolari, ila angalia kampuni za Ulaya zinadai kwa euro, na kila mara karti inabadilisha makuta kuna kitu kinabaki njiani. Kisha inakuja ile fomu ya kujiandikisha. Inadai kodi ya posta, ile namba ya eneo yenye posta inatumia! Sisi tunaandikaka avenyu, kartye na komini, nani anatumia kodi ya posta hapa? Unaweka sifuri zikifuatana, fomu inakubali, kisha roboti yao ya kupima wadanganyifu inaona adresi ya ajabu, karti ya kulipia mbele, IP ya Congo, na inakufunga mbele hujaanza. Kampuni moja ya Ulaya, yenye watu wengi wanasifu, ilinikatalia hivyo hivyo, nikawatumia pasipoti, wakajibu kwa barua ya mashini kwamba hawawezi kunipokea na hawatoe sababu. Sina chuki nao, lakini ukisoma orodha za "VPS bora za mwaka" ujue waandishi wake wako na karti za benki za London na hawakupitaka pale.

Kampuni ingine, ya bei ndogo kabisa, ilinipokea vizuri. Shida ilikuja mwezi karti ilikataa juu namba ya siri yenye benki inatuma kwa SMS ilifika kama imechelewa. Walituma barua moja, wakafunga seva, na diski wakaifuta haraka sana. Sheria ilikuwa imeandikwa mu mkataba wao, ni haki yao. Lakini tangu pale, mbele ya kusoma kitu chochote kuhusu prosesa, naenda straiti ku ukurasa wa masharti nitafute: ukichelewa kulipa, seva inazimwa kisha siku ngapi, na data inafutwa kisha siku ngapi? Kama hawaandike, ninawauliza sapoti, na jinsi wanajibu inanionyesha pia sapoti yao iko namna gani. Na ninachagua ile yenye inakubali uweke krediti mbele, ya miezi kazaa, ili karti ikikataa usiku moja isiue kwaya. Kwangu hii ina maana kupita GB 1 ya RAM ya kado.

Kitu kingine watu hawajuake: kuzima seva haizime faktire. Kwa DigitalOcean, kampuni ingine ya VPS, kwa mfano, na kwa wengi wengine, seva yenye imezimwa bado inahesabiwa, juu diski na IP bado ni vyako. Kama hautaki kulipa, chukua snapshoti (kopi nzima ya seva), kisha seva yenyewe uifute kabisa. Na ukikuta kampuni ya Ujerumani, bei yenye wanaonyesha kwa kawaida iko na TVA (ushuru wa mauzo) ya kwao ya 19% ndani, ukichagua inchi yako inashuka, kwa hiyo usiilinganishe na ya Marekani mbele ya kufika ku ukurasa wa mwisho.

Haya, seva ikae wapi? Hapa wataalamu wa mitandao watakuambia Frankfurt, Frankfurt, Frankfurt, juu bei iko chini na kila kitu kiko kule. Mimi naanzaka na wasomaji. Wateja wa yaya wako Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, wengine Kitwe ngambo ya pili kule Zambia, na wote wanafungua na simu, na mega wamenunua kwa makuta yao. Tuhesabu: mwanga ndani ya fibre unaenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa mpaka Johannesburg kwa mustari wa straiti ni kama kilometa 1,600, kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 16. Frankfurt ni kama kilometa 7,000, kwenda na kurudi haipungui 70. Hiyo ni hesabu ya karatasi, fibre haiendake straiti na njia halisi ni mbaya kuliko hapo, lakini tofauti inabaki ile ile. Na siyo mara moja tu: mbele ya saiti ya HTTPS ionyeshe herufi ya kwanza, simu na seva vinasalimiana, vinapatana siri, kisha simu inaomba ukurasa, hiyo ni safari tatu hivi za kwenda na kurudi. Zidisha mara tatu, ongeza mtandao wa simu wa saa mbili za usiku wakati mji muzima uko mu WhatsApp, utaelewa kwa nini yaya alikuwa ananipigia simu, "Weye mudogo, mteja anasema saiti yangu inazunguka tu!"

Kuna pia mambo ya kebo za baharini. Mwezi wa nane 2023 maporomoko chini ya bahari, kwenye korongo la muto Kongo, yalikata WACS na SAT-3, na mwezi wa tatu 2024 kebo ine zilikatika karibu na Côte d'Ivoire, miezi miwili kisha pale ikawa zamu ya upande wa mashariki, EASSy na Seacom. Sisi Katanga tuko na bahati ya fibre yenye inapita Kasumbalesa kuingia Zambia na kushuka kusini, kwa hiyo seva ya Johannesburg unaifikia kwa nchi kavu, hata kama kebo za kwenda Ulaya ziko mgonjwa. Si kusema haikatike, inakatikaka, lakini sababu ya kukatika inapunguka moja kubwa.

Kwa hiyo niliishia kwa Vultr, kampuni ya VPS yenye iko na seva Johannesburg. Si wao peke yao wako kule, Microsoft iliweka Azure (seva zake za kukodi) Johannesburg 2019, Amazon iko Cape Town tangu 2020, Google nayo ilifika 2024, lakini kwa saiti ya kitenge faktire za hao wakubwa ni za kutisha, unalipa kila kitu kidogo kidogo, trafiki peke, diski peke, na mwisho wa mwezi haujue nini itatoka. Mimi nataka namba moja. Mbele ya kulipa nilipima na pingi (komandi ya kupima muda wa kwenda na kurudi), kampuni nyingi zinaweka adresi ya kupimia na faili ya kudaunlodi kwa kila mji, na nakushauri upime usiku saa ile watu wanatumia, siyo asubuhi saa kumi na moja ukiwa peke yako ku mtandao. Pima na Vodacom, na Airtel, na Orange, juu kila moja inatokea njia yake, unaweza kukuta mmoja anazunguka mpaka Ulaya mbele ya kurudi Afrika Kusini!

Ya mashini yenyewe nitapita haraka. Hakikisha ni KVM (VPS yenye iko na keneli yake mwenyewe, ule moyo wa Linux), siyo kontena za zamani zenye haziwezi hata kubadilisha keneli. RAM ya GB 1 inatosha kwa WordPress (programu ya kuendesha saiti) mbili ndogo na MariaDB, database yao, kama unaweka swapu (sehemu ya diski yenye inasaidia RAM) ya GB 1 ao 2, pungufu ya pale database inauawa usiku na unaamka saiti inaonyesha kosa. Kisha ingia ku seva, andika komandi top, uangalie namba ya mwisho ya mustari wa prosesa, st. Ile inaonyesha muda seva yako ilitaka kufanya kazi lakini majirani wamechukua prosesa. Ikikaa karibu na sifuri, sawa. Ikipanda kila jioni, kampuni imeuza viti vingi kuliko basi, ondoka. Blogu yangu mimi nimeitoa kwa WordPress, ni kurasa za HTML tu, hiyo haisikie hata kama watu mia wameingia pamoja.

Bakapu ni ya kwako, si ya kampuni. Mwaka 2021, tarehe 10 mwezi wa tatu, jengo la OVH, kampuni ya hosting, kule Strasbourg liliungua lote na kuna wateja walipoteza data kwa sababu bakapu ilikuwa pale pale. Ile bakapu ya kubonyeza kitufe ku dashibodi ninailipaka, ni ya kurudi haraka, lakini kila usiku restic (programu ya bakapu) inatuma kopi ku Storage Box, diski ya kukodi ya Hetzner, kampuni ingine, bara ingine, karti ingine. Picha za kwaya za Pasaka haziwezi kupigwa tena.

Na kama koneksyo yako iko sawa na yangu, usifanye kazi na SSH (njia ya kuingia ku seva kutoka mbali) ya uchi. Weka mosh na tmux, programu mbili za kukusaidia koneksyo ikikatika. Mosh inavumilia ukibadilisha kutoka Wi-Fi kwenda simu, na kuran ikikatika katikati ya apdeti, tmux inaendelea kule kwenye seva, unarudi unakuta kazi imeisha. Kwangu hii ilibadilisha maisha kupita kubadilisha kampuni, na ni ya bure.

Mabaya? Bei ya Johannesburg kwa GB moja iko juu ukilinganisha na Ujerumani, kule kwa makuta ile ile unapata RAM mara mbili ao zaidi. Mlango wa 25 wa barua pepe umefungwa kwa akaunti mpya, kama karibu kwa kampuni zote leo juu ya spamu, kwa hiyo fomu ya oda ya yaya ilikuwa haitume kitu. Nilianza kumuelezea tutafute huduma ingine ya SMTP (ya kutuma barua pepe), mlango 587, akanikata: "Toa ile fomu, weka namba yangu ya WhatsApp." Nikatoa, na wateja hawajauliza ilienda wapi. Kwaya njo bado inanisumbua, mwalimu wa kwaya anataka rekodi zote za misa za Jumapili ziwekwe, sauti nzima bila kukata, na diski ya GB 25 haitafika Noeli.