Pampu ya Kukamulia Maziwa: Tazama Faneli Kabla ya Mota

Matangazo husifia mota. Anayekamua kila siku hukwama kwenye faneli, ule mdomo unaokaa juu ya titi. Pampu nyingi huja na faneli ya milimita 24, ilhali chuchu hazina saizi moja. Pima upana wa chuchu kwenye shina lake, bila duara jeusi, kisha ongeza milimita 1 hadi 3. Faneli ikibana, chuchu husuguana na kuta zake hadi ichubuke. Ikipwaya, duara jeusi nalo huvutwa ndani, titi likavimba na maziwa yasitoke vizuri. Kuongeza mvuto ni bure: maumivu yenyewe huzuia maziwa kushuka.

Kwa anayekamua mara mojamoja, pampu ya mkono yatosha. Vipande vya kuosha ni vichache. Anayerudi kazini atafute ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja, kazi ya dakika 15 hadi 20. Hii iwe na kizuizi kati ya chupa na mrija. Isiyo nacho huruhusu maziwa kupenya hadi kwenye mota, mahali pasipoosheka, na ukungu ukaota humo. Ya namna hiyo ikiwa ya mtumba, iache hata ukipewa bure.

Mvuto ukipungua ghafla, anza na vali, kile kipande laini cha silikoni chini ya faneli. Mpasuko wake ukilegea au kuchanika, hewa hupita. Brashi ya chupa ndiyo adui yake mkubwa. Isuguliwe kwa vidole tu, kwa sabuni na maji ya moto.

Maziwa mabichi hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji ya nyuzi 4, na miezi 6 kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Yaweke nyuma kabisa, si mlangoni ambako joto hupandashuka. Gawa mililita 60 hadi 120 kwa chombo, andika tarehe, na acha nafasi juu maana yakiganda hutanuka. Yaliyoyeyukia kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Pasha kwa kukalisha chombo kwenye maji ya vuguvugu. Maikrowevu huacha sehemu za moto mkali zinazoweza kumbabua mtoto kinywa. Mafuta yakijitenga juu, maziwa hayajaharibika: zungusha chupa taratibu. Anayoyabakiza mtoto yameshaingia mate, kwa hiyo yakipita saa 2 yamwagwe.