Wembe ya kukunja ya Solingen kwa mwenye anaanza: maoni yangu toka Bukavu

Kama ndevu yako inajikunjaka na shingo inajazaka vipele kila mara unatoka kunyoa, soma hii yote. Kama iko laini na ile wembe ya plastiki ya ku duka inakufanyia muzuri, bakia nayo tu ndugu yangu, usijitafutie kazi.

Kintu yenye naongelea ni ile wembe ya bazee, yenye inafungukaka toka mu mupini, chuma moja tu, hamna kintu ya kubadirisha. Yangu shemeji aliniletea toka Bruxelles, aliinunua okazio kwa bauzishaji ba byombo ya zamani. Upana wake ni 5/8, ju hizi wembe banazipimaka kwa sehemu ya nane ya inchi, na 5/8 ao 6/8 njo ya mutu mwenye anaanza, kubwa kuliko pale inakuwa nzito na chini ya pua haipite. Ncha iko ya muviringo. Hapo mukaze sana, kuko zenye ncha ya pembe kali na zile zinakukwaruza karibu na sikio mbele hata ujue nini imepita. Na ku chuma kumeandikwa Solingen, hiyo si pambo, ni muji ya Ujerumani ya bafundi ba visu na nyembe, na tangu 1938 sheria ya kwao inalinda lile jina, kintu yenye haikutengenezwa kule haina ruhusa ya kulibeba. Za Ufaransa zenye ziko na sifa zinatokaka Thiers. Zile zenye kung'aa sana za bei ya bure ziko na umbo ya wembe tu, nilishika moja, unanoa mpaka mukono inachoka na haikate hata unywele wa mukono.

Sasa kintu yenye bauzishaji habasemake: wembe peke yake ni nusu ya byombo. Nusu ingine ni mukaba ya ngozi. Kila mbele ya kunyoa unapaswa kuipitisha wembe pale juu, mara makumi matatu hivi kwenda na kurudi, mi nikiwa na wakati naongeza. Hiyo haipunguze chuma sana, inanyoosha tu ile makali nyembamba yenye ilipinda wakati ulinyoa. Mugongo ya wembe njo inatangulia, makali inafuata nyuma, kama vile unapaka siagi ku mukate, na ukifika mwisho unaigeuza kwa mugongo, si kwa makali. Ukigeuza vibaya unakata mukaba, na mukaba ya kuleta toka Ulaya bei yake si ya muchezo. Yangu ilitengenezwa na fundi viatu wa Kadutu, hapa hapa Bukavu. Nilimwambia ngozi ya ngombe, laini, bila mushono hata moja, upana sentimeta saba, pete ya chuma ku kichwa ya kutundika ku mulango. Akacheka, akauliza kama ni ya kuchapia batoto, lakini kazi aliifanya safi kabisa, 20 000 franka, na mpaka leo ile mukaba iko sawa. Mu hii mambo yote yeye njo namupa nota ya juu kuliko wembe yenyewe.

Kunoa ku jiwe ni hadisi ingine. Haiko kintu ya kila juma, kama mukaba unaufanya muzuri inaweza kupita myezi na myezi. Lakini jiwe ya visu yenye tunajua ku soko iko mbaya mbaya sana kwa hii kazi. Wembe inaombaka jiwe ya namba 1000 (namba ikipanda, jiwe inakuwa laini zaidi) kama makali imeharibika, kiisha 4000, kiisha 8000, na Babeleji bako na jiwe yao ya asili yenye banaitaka coticule, inachimbuliwaka upande wa Vielsalm kule Ardennes, bazee ba nyembe banaipenda sana. Unalaza wembe kabisa, mugongo na makali byote binagusa jiwe, njo maana mugongo uko munene, ule unene njo unakuwekea pembe ya kunolea, weye hauhesabu kitu. Na tafazali musipeleke kwa mwenye jiwe ya kuzunguka ya umeme, ile moto inaondoa ugumu ya chuma na hapo umebakia na pambo ya kuweka ku meza.

Ku uso sasa. Maji ya moto kwanza, taulo ya moto kama uko nayo, sabuni na burosi mpaka povu ikuwe nzito. Hauna haja ya robine yenye inatiririka, na kwa sisi wenye maji ya Regideso inatutembelea ikipenda hiyo ni baraka, kikombe moja ya maji inatosha. Mwangaza lakini ni lazima, kama SNEL imekata umeme ngoja asubui. Unavuta ngozi na mukono ingine mpaka inanyooka, unalaza wembe karibu digrii 30, vile mugongo uko karibu sana na shavu, na unapita kidogo kidogo bila kusukuma, uzito ya chuma inatosha. Usiivute hata siku moja kwa upande sawa kisu, vile njo inakata ngozi. Fata kwenye ndevu inaelekea. Anza na mashavu tu, juma nyingi mashavu tu, kidevu na musharubu umalize na wembe yako ya zamani. Mukono wa kushoto utakuwa mujinga ku mwanzo, uzoeze tu, ju ukitaka kunyoa shavu ya kushoto na mukono wa kuume kiwiko kinakufunika kioo.

Batu mingi banashauri kuanza na shaveti, ile ya bakwafere yenye unatiyaka nusu ya wembe nyembamba ya pande mbili. Ni bei nafuu, hauna mukaba wala jiwe, ni kweli. Lakini mi naona kwa mwenye anaanza ile iko kali kupita, iko nyepesi haijulishe mukono kintu, pembe ikikosea kidogo tu umeshaona damu, wakati ile nzito ya Solingen inakuvumilia. Shaveti naiheshimu ku salo, na pale nasema wazi: mukwafere atoshe wembe mupya mbele ya macho yako, ju epatiti B na sida haviangalie sura. Na ile yako ya kukunja usiazime mutu, hata ndugu ya tumbo moja.

Vipele je? Vimepunguka sana ku shingo, na haiko uchawi. Wembe za makali tatu ao ine, ya kwanza inavuta unywele, ya nyuma inaukata, kiisha unarudi chini ya ngozi, na kama unajikunjaka unaota kuelekea ndani. Makali moja inaukata sawa na ngozi, basi. Lakini ukianza kurudia kinyume ili uso ikuwe laini sawa ya mutoto, vipele vitarudi na hauna wa kulaumu. Mi nakubali kubakia na kivuli kidogo.

Ubaya yake kubwa kwa sisi wa hapa ni kutu. Ni chuma ya kaboni, na Bukavu na hii ziwa na mvua toka mwezi wa kenda mpaka wa tano, usiku moja tu mu chumba ya kuogea inatosha kuweka madoa. Pangusa, acha ikauke wazi, pakaa mafuta kidogo ya mashine ya kushona, uhifazi ku chumba ya kulala.

Nota yangu: wembe 8 juu ya 10, fundi viatu 10. Kama hauna mwenye kukuletea jiwe ya 8000, angalia kwanza kama kuko mutu karibu yako mwenye iko nayo, kiisha njo ununue wembe. Mi kidevu bado namalizia na ya plastiki na sisikie haya.