Makopo matatu ya zinki na asidi ya foliki: maoni yangu

Nyota mbili, na moja ni ya kifuniko, kinafunga vizuri. Vidonge vyenyewe, vya kuboresha mbegu za kiume, ni vikubwa, vina ladha ya chuma, na ukivimeza kabla ya kula tumbo linachafuka asubuhi nzima. Kopo linaahidi mbegu bora "ndani ya wiki mbili". Hapo ndipo waliponichefua. Mbegu ya kiume huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, sasa hizo wiki mbili zinaboresha nini?

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulijaribu mchanganyiko huuhuu kwa wanandoa 2,370. Wanaume walimeza miezi 6, na watoto waliozaliwa hawakuongezeka. Niliusoma nikiwa nimeshamaliza kopo la tatu (mke wangu alicheka mpaka machozi).

Kipimo changu cha mbegu kilipanda kidogo, nakiri. Lakini miezi hiyohiyo niliacha sigara, nikaacha na kupakata kompyuta (joto lake linaweza kudhuru mbegu), kwa hiyo vidonge sivipi sifa. Kilichonisaidia hasa ni daktari kunipapasa korodani ya kushoto na kukuta mishipa imevimba, jambo linaloweza kudhoofisha mbegu. Kopo la nne liko kabatini, halijafunguliwa.