Mzigo wa Uthibitisho: Russell na Plantinga

Mwaka 1952 mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, akijadili kama Mungu yupo, aliandika kwamba, lau angedai kuna birika la chai linalozunguka Jua kati ya Dunia na Mirihi, dogo kiasi cha kutoonekana hata kwa darubini kali, asingekuwa na haki ya kumtaka msikilizaji athibitishe kwamba halipo. Anayedai ndiye anayethibitisha. Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, mwaka 1967 alishika njia nyingine: sote tunaamini kwamba watu wengine wana fikra na hisia, ingawa hoja za kulithibitisha hilo zote zina kasoro, basi imani juu ya Mungu nayo yaweza kuwa ya busara vilevile.

Katika mjadala kati ya muumini na asiyeamini naona Russell ana nguvu zaidi, na sharti lake, jambo linalosahauliwa mno, linamfunga pia mkanamungu anayetamka kwamba Mungu hayupo, tofauti na yule anayesema tu kwamba hajashawishika. Plantinga anamkinga muumini asidharauliwe, na ni haki yake kukingwa, lakini hampi hoja ya kumvuta asiyeamini.